Jumatatu mbili, na kisiwa cha Niue

Niliondoka Auckland, New Zealand, Jumanne asubuhi, nikafika Niue Jumatatu alasiri. Sijakosea kuandika. Ndege inaelekea kaskazini mashariki, inakata mstari wa tarehe katikati ya bahari, na baada ya saa tatu na nusu hivi unashuka ukiwa umerudishiwa siku uliyokwisha kuitumia. Jumatatu yangu ya kwanza nilikuwa zamu ya usiku, naosha watu na kupanga vidonge. Jumatatu ya pili nimesimama kwenye jua mbele ya kiwanja kidogo cha ndege, na karibu nusu ya abiria niliokuja nao wanakumbatiwa, wanavishwa mashada ya maua, wanalia. Mizigo yao ilikuwa madeli matupu ya plastiki. Nilishangaa mtu anasafirije na deli tupu. Wiki ilipokwisha niliyaona yakirudi yamejaa majimbi na kaa.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mmoja wa wazee ninaowahudumia ni mzaliwa wa Mutalau, kijiji cha kaskazini ya Niue, na ndiye aliyenipeleka kule bila yeye mwenyewe kunyanyuka kitandani. Wenzangu walikuwa wakimwita kwa jina lake la kwanza kama mtoto wa shule. Mie ulimi ulikataa, nikamwita Bibi. Akaniuliza maana yake, nikamweleza. Tangu siku hiyo mhudumu mwingine akimwita kwa jina anajifanya kalala.

Kilichotuunganisha hasa ni hesabu. Kila asubuhi ilikuwa lazima anyanyue mkono wa kushoto mara kumi, na alikuwa akihesabu kwa lugha yake: taha, ua, tolu, fa, lima, ono, fitu, valu, hiva, hogofulu. Siku ya kwanza kumsikia nilibaki na taulo mkononi. Bibi yangu mzaa mama alilelewa Majunga, na mpaka anakufa alikuwa akihesabu nazi kwa Kibuki, lugha ya Bukini, yaani Madagaska. Telo, tatu. Fito, saba. Valo, nane. Folo, kumi. Nikamwomba huyu wa Niue arudie. Fitu, valu. Nikamuuliza nazi wanaitaje. Niu, akasema. Watu wa Bukini wanasema voanio. Mbingu wao wanaandika lagi, ila hiyo g yao ni ng' yetu ya ng'ombe, kwa hiyo inasikika lang'i. Bukini ni lanitra. Kufa ni mate, Bukini maty.

Wataalamu wa lugha hili wanalijua siku nyingi. Mababu wa hawa na wa wale walikuwa mabaharia wa visiwa vya kusini mashariki mwa Asia. Wengine walivuka Bahari ya Hindi wakaishia Bukini, wengine wakashika mashariki, kisiwa kwa kisiwa, mpaka Tonga, Samoa, Niue na mbele zaidi. Kusoma hayo ni jambo moja. Kuyasikia kwa mzee anayenyanyua mkono kwenye chumba chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, sauti ni ya bibi yako kabisa, ni jambo lingine, na sioni haya kusema nilikwenda kulia chooni.

Nilipopata likizo mwezi wa nane nilimuuliza nimletee nini. Akasema hataki kitu. Siku mbili baadaye, nambadilisha shuka, akasema, "Nenda Mutalau ukalitazame kaburi la mama yangu. Na mnazi ulio nyuma ya nyumba, kama bado upo." Akanichorea ramani nyuma ya bahasha ya dawa.

Basi, kisiwa chenyewe. Niue kiko peke yake baharini, Tonga upande wa magharibi, Samoa kaskazini, Visiwa vya Cook mashariki. Ni kilomita za mraba 260 hivi, vijiji 14, mji mkuu Alofi ambao wenyewe ni vijiji viwili tu. Fedha ni dola ya New Zealand. Jina wenyewe wanalifasiri kama mshangao: niu, mnazi, e, huo hapo. Tazama, mnazi! Ni neno la mtu aliyekaa sana majini akaona kichwa cha mti.

Hadithi yao ya kale inasema watu wawili, Huanaki na Fao, walifika wakiogelea. Wakakuta mwamba unachungulia tu juu ya maji. Wakaukanyaga kwa kishindo, ukainuka. Wakakanyaga mara ya pili, mimea ikaota. Wanajiolojia wanasema mambo hayo hayo kwa maneno marefu zaidi: hapa palikuwa na atoli, mduara wa matumbawe wenye maji katikati, kisha sakafu ya bahari ikauinua kidogo kidogo mpaka ukasimama mita 60 na ushei. Ndiyo maana katikati ya kisiwa pamebonyea kama sinia na kando zote ni ukuta. Wenyeji wengi wanakiita Mwamba tu.

Hakuna mto, hakuna hata kijito. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja kwenye matundu ya matumbawe na kujikusanya chini kwa chini. Na kwa kuwa hakuna tope linalomwagika baharini, maji ni maangavu mpaka yanatisha. Nilishuka kwenye madimbwi ya Limu nikadhani maji yananifika magotini, nikapotelea mpaka kifuani na buibui langu la kuogelea limenivimba kama puto. Akapita nyoka. Wanamwita katuali, mwenye pete nyeusi mwili mzima, na duniani anapatikana hapo tu. Ana sumu kali ila ni mpole na kinywa chake ni kidogo, hivyo ndivyo nilivyoambiwa baada ya kupiga ukelele uliosikika barabarani.

Kitu cha kwanza unachopaswa kukijua kuhusu Niue, na mie nakiona ndicho mzizi wa tabia yake yote, ni kwamba hakina bandari. Hakuna ghuba, hakuna mchanga mrefu wa kupweza chombo. Ni ukuta, kisha mwamba mwembamba wa kukanyaga maji yakipwa, kisha kina. Gati la Alofi lina winchi. Mvuvi akitaka kutoka, boti yake inafungwa kamba, inanyanyuliwa juu na kushushwa majini kama ndoo kisimani, na akirudi inavuliwa vivyo hivyo. Meli ya mizigo inakaa nje na bidhaa zinaletwa kwa tishari. Kila kijiji kina njia yake ya kuteremkia baharini kati ya mawe, na kwenye vibaraza vya mwamba chini huko wanaegesha vaka zao, mitumbwi myembamba yenye ubao wa kuelea upande mmoja. Kijana mmoja alinionyesha anavyoingiza wake: anasimama ukingoni ameushika, anahesabu mawimbi, hasemi na mtu, halafu kwa ghafla anautupa majini na kujitupa yeye juu yake. Akikosea, mwamba unamchuna ngozi.

Sasa mtazame mgeni katika hali hiyo. Juni 1774 nahodha Mwingereza James Cook alifika na meli yake Resolution, akajaribu kushuka mara tatu. Kila mara alikuta wanaume waliojipaka rangi, wameshika mikuki na mawe. Mkuki mmoja ulimpita juu ya bega. Akafyatua bunduki, bunduki ikakataa kulia. Akaondoka, na kwenye ramani yake akakipa kisiwa jina ambalo kwa Kiswahili ni Kisiwa cha Washenzi. Jina likachapwa, likakaa kwenye ramani za Wazungu zaidi ya miaka mia.

Niliteremka Opaahi, mahali panaposemwa ndipo alipotia mguu. Ni ufa tu kwenye mwamba, ngazi chache, maji yanapumua chini. Watu kumi wenye mawe wangetosha kulizuia jeshi. Mwenye nyumba niliyofikia, mama mmoja mcheshi aliyekuwa ananipakulia kila nilipomaliza, anakereka na habari ya Cook mpaka leo. "Aliona midomo myekundu akadhani damu," anasema. "Ndizi! Ilikuwa rangi ya ndizi." Anakusudia hulahula, ndizi yao nyekundu.

Neno hilo linaniwasha na mimi kwa sababu nalijua kutoka upande wa pili. Sisi wa pwani tuliwaita watu wa bara washenzi vizazi na vizazi, tumevaa kanzu zetu, tunajiona waungwana. Kwa hiyo sina ubavu wa kumcheka Cook. Lakini kuna habari ya sanduku, na hiyo ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Mwaka 1830 mmishenari John Williams alifika kutaka kuacha walimu wa dini. Hawakukaa. Badala yake akaondoka na vijana wawili wa Niue. Waliporudishwa, maradhi yakazuka kisiwani, watu wakawatupia wao lawama, na mmoja akauawa. Kisha mwaka 1846 akaja Peniamina. Huyu alikuwa Mniue hasa, mtoto wao aliyekwenda Samoa akabatizwa na kufundishwa huko. Alishuka Uluvehi, njia ya baharini ya Mutalau, kijiji cha Bibi wangu. Hata yeye hawakutaka kumpokea. Walitaka sanduku lake lirudishwe melini, kwa hoja kwamba mbao za ugenini zinaleta maradhi. Peniamina akawaambia walitazame vizuri: mti ni mti, kama wao. Mwishowe mashujaa wa Mutalau wakakubali kumlinda, usiku na mchana, dhidi ya vijiji vingine vilivyotaka kichwa chake. Leo ana sikukuu yake, kila Oktoba.

Mtu anayefanya kazi kama yangu akisoma habari ya lile sanduku haoni ushenzi. Anaona karantini. Visiwa vingi vya Polynesia vilipukutika kwa surua, ndui na mafua baada ya meli kuanza kupita, na hawa wa Niue hawakuwa na darubini wala daktari, ila walikuwa wamejumlisha: meli ikija, watu wanakohoa, watu wanakufa. Wakaamua isije. Miaka 170 na zaidi baadaye, korona ilipoingia duniani, serikali ya Niue ilifunga mlango kwa namna ile ile, na mgonjwa wa kwanza kabisa hakupatikana mpaka Machi 2022, tena akiwa ndani ya karantini. Mie wakati huo nilikuwa nimevaa barakoa mpaka nyuma ya masikio yamechubuka. Hakuna aliyewaita washenzi safari hii.

Na si maradhi peke yake. Mwaka 1863 meli za watekaji watu zilizokuwa zikiwinda vibarua wa kupelekwa Peru zilifika Niue zikabeba wanaume, na wengi wao hawakuonekana tena. Kwetu habari kama hiyo haihitaji maelezo.

Mengine nayapitia haraka. Niue haikuwa nchi ya wafalme wakubwa kama Tonga. Hapa mfalme, patu-iki, alichaguliwa, na watu hawakumwogopa kupita kiasi. Fataaiki, mmoja wao, alimwandikia Malkia Victoria kuomba ulinzi, pengine kwa kuogopa wengine wabaya zaidi. Ulinzi ulikuja mwaka 1900, na mwaka 1901 wakakabidhiwa New Zealand. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume 150 walikwenda, kupitia Misri mpaka Ufaransa. Wengi hawakuwahi kuvaa viatu, Kiingereza hawakijui, na baridi na maradhi yaliwaangusha kabla ya risasi. Wamekaa karne nzima wakiyakimbia maradhi ya melini, halafu wakapandishwa melini kuyafuata. Oktoba 19, 1974 Niue ilianza kujitawala yenyewe kwa makubaliano na New Zealand, na watu wake wakabaki na uraia wa New Zealand. Waziri mkuu wa kwanza, Robert Rex, alikaa kitini mpaka alipofariki mwaka 1992.

Huo uraia ndio mlango uliofunguka, na kiwanja cha ndege kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndicho kizingiti. Mwaka 1966 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 5,000. Sensa ya 2022 ilikuta 1,681. New Zealand peke yake ina Waniue zaidi ya 30,000. Mwamba uliokataa watu kuingia kwa karne nyingi, ukashindwa kuwazuia kutoka.

Njia ya kaskazini inapita Makefu, Tuapa, Namukulu, Hikutavake, Toi, halafu Mutalau. Nilikodi gari dogo. Kila gari unalopishana nalo dereva anakupungia mkono. Siku ya kwanza nilidhani kuna kitu kimeharibika, siku ya pili mkono wangu ukawa unanyanyuka wenyewe. Na njia nzima kuna nyumba tupu. Vimbunga vya 1959 na 1960 viliangusha makazi ya watu, serikali ikajenga vijumba vya saruji vya pembe nne, imara kwelikweli, na ndivyo vilivyobaki: madirisha hayana vioo, mpapai umetokeza ubavuni, ndani mbuzi hakuna, kuku hakuna, kapeti limeota kuvu. Mara nyumba mbili zina watu, mara tano hazina. Mbele ya hizo tupu kuna makaburi, meupe, yamesuguliwa, yana maua ya plastiki. Wafu wako uani na walio hai wako Auckland. Kwa nini wasibomoe nyumba? Nilimuuliza mwenyeji wangu. Akaniona mjinga kidogo. Nyumba ni ya ukoo, ardhi ni ya ukoo, nani atoe ruhusa? Mwenye kauli labda yuko Australia na hajibu simu.

Nina haja ya kusimulia hifi ulu, maana ndiyo iliyoijaza ile ndege. Mtoto wa kiume anaachwa nywele toka utotoni mpaka anakaribia kubalehe, kisha zinakatwa mbele ya watu. Mpwa wa mwenyeji wangu, mtoto wa miaka kama 12, alikuwa ameletwa kutoka Auckland kwa ajili hiyo. Alikaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, nywele zimemfika kiunoni zimegawanywa vifungu vifungu, kila kifungu kina utepe. Anaitwa mtu mmoja mmoja. Unachukua mkasi, unakata kifungu chako, unaweka bahasha. Pembeni kuna meza, na mezani kuna mama mwenye miwani na daftari, anaandika jina na kiasi. Nililijua daftari lile papo hapo! Ni lile lile la michango ya harusi, na macho ya mwandishi ni yale yale. Nikaitwa na mie. Nilitia dola 20, nikajiona nimejitahidi, mpaka nikachungulia mistari ya juu nikaona mia mbili, mia tano. Mtoto alikuwa amefumba macho na amekaza meno. Mkasi ulikuwa butu, nikamvuta, akanong'ona, "Haraka." Nikakata.

Kisha mgao. Uwanjani walikuwa wamepanga mafungu chini kwa mistari: majimbi yaliyofungwa pamoja, samaki, maboksi ya kuku wa barafu, na vipande vya nguruwe. Kila aliyetoa anaondoka na fungu linalolingana na alichotoa. Langu lilikuwa dogo kwa haki kabisa, lakini lilikuwa na mguu wa nguruwe. Nimejitanda mtandio, nimebeba mguu wa nguruwe kwenye mfuko, watu wanapita wananisalimu fakaalofa lahi atu, na mie naitikia. Mwenyeji wangu aliuchukua kwa furaha akanibadilishia na takihi: majimbi na papai yamekatwa chapa chapa nyembamba, yamepangwa tabaka kwa tabaka, yamemiminiwa tui zito na kuokwa kwenye mawe ya moto ya umu, jiko lao la shimoni. Tui linaingia kwenye papai, papai linayeyuka kwenye jimbi. Sijui kwa nini sisi wenye tui, majimbi na mapapai hatukuwahi kufikiria. Kaa wao mkubwa wa nchi kavu, uga, anayepanda minazi, nilimwonja pia. Ni mtamu, mafuta yake yana ladha ya nazi, ila anakua polepole mno, na mwenyeji wangu alisema zamani hukuhitaji kwenda msituni mbali namna hiyo kumpata.

Jumapili kisiwa kinazimika. Kanisani asubuhi, umu, kulala, kanisani tena. Kuvua ni mwiko, boti haziendi. Mie nilikaa barazani. Usiku ule niliona mbingu ambayo sikuwahi kuiona tangu utoto wangu, kabla ya umeme kufika kwetu. Mwaka 2020 Niue ilitambuliwa kuwa nchi ya kwanza duniani ambayo yote nzima ni hifadhi ya giza. Taa za njia zimebadilishwa zisiangaze juu. Lagi, nikasema peke yangu. Lanitra.

Kusini kidogo ya Alofi kuna viwanja vya saruji visivyo na kitu juu yake. Januari 2004 kimbunga Heta kilirusha mawimbi juu ya ukuta wa mwamba wa zaidi ya mita 20, kikachukua hospitali, kikachukua sehemu kubwa ya vitu vya makumbusho, na kikaua. Hospitali ikajengwa upya ndani zaidi, mbali na bahari.

Mutalau nilifika siku ya tano. Ramani ya bahasha ilikuwa sahihi: kanisa, kiwanja cha nyasi, tangi la maji, mkono wa kulia. Nyumba ilikuwa ya saruji, bati limeliwa na kutu upande mmoja, mlango umefungwa kwa waya. Ukutani ndani, nilipochungulia dirishani, palikuwa na kalenda. Picha yake ilishafifia yote, imebaki karatasi ya buluu.

Kaburi nilikuwa nimejitayarisha kulisafisha. Nilinunua brashi na sabuni Alofi. Halikuwa na haja. Lilikuwa limepakwa chokaa si muda mrefu, na juu yake kuna shanga za kome zimewekwa kwa mpangilio. Mzee aliyekuwa akipita na mtaimbo kutoka shambani (huku majimbi yanapandwa kwenye matundu ya mwamba, unatafuta kiganja cha udongo kati ya mawe) alisimama akanitazama. Nikamtajia jina la Bibi. Akatua mtaimbo. "Bado yuko hai?" Nikamwambia yuko hai na ana maneno. Akacheka mpaka akakohoa. Yeye ndiye anayepaka chokaa, kila Desemba, kaburi hilo na mengine manne ambayo wenyewe wako ng'ambo. Nikamuuliza analipwa? Akasema mmoja wao alimletea buti.

Mnazi ulikuwepo. Mrefu, umeinama kuelekea baharini, na umezaa. Nikaupiga picha nyingi.

Jumatatu ile niliyokopeshwa ilidaiwa wakati wa kurudi: niliondoka Niue Jumatatu mchana, nikashuka Auckland Jumanne jioni. Asubuhi yake niliingia kazini mapema, nikamwekea Bibi simu mbele ya macho. Picha ya nyumba aliipita. Ya kaburi aliitazama kidogo, akauliza nani amepaka, nilipomtajia akasema yule alikuwa hawezi kusimama bila kuegemea ukuta kanisani, mvivu sana. Kwenye mnazi akasimama. Akaniambia nikuze. Nikakuza. Akaweka kidole kwenye kioo, kidole cha mkono ule wa kushoto wa mazoezi, akaanza kuhesabu nazi.

"Taha. Ua. Tolu. Fa. Lima. Ono."

"Fitu," nikamsaidia.

"Fitu."

"Valo."

Akanyanyua kichwa. "Valu," akasema. "Rudia."